Kila Kitu Kishike Bodi

Goretti Atoo alistaafu polisi akiwa na cheo cha sajini, magoti mabovu, na tabia moja ambayo hata mapadri walishindwa kumtoa: hakuweza kuona kitu kimelegea akakiacha. Ukimkaribisha nyumbani kwako, kabla chai haijafika mezani atakuwa ameshatikisa mguu wa kiti na kuuliza bisibisi iko wapi. Kanisani alikaza skrubu za benchi kwa ukucha wakati wa mahubiri. Mwenye nyumba wake, pale kwenye mteremko wa Lubaga, alisema tangu Afande ahamie hata milango ya majirani imeacha kulia.

Alizaliwa kambini. Baba yake alikuwa dereva wa polisi kutoka Kitgum, Mkatoliki wa kuungama kila mwezi. Mama yake alikuwa Mnubi wa Bombo, Mwislamu aliyeswali chini ya picha ya Bikira Maria bila kuona tabu yoyote. Nyumba hiyo ilisherehekea Krismasi na Idi, na lugha iliyowaunganisha wote ilikuwa Kiswahili cha kambini, kile kisichojali ngeli lakini kinaeleweka kuanzia Arua mpaka Kabale. Alipokua ndipo Atoo alipogundua kwamba nje ya geti la kambi, katika Kampala ya raia, lugha hiyo, lugha ya askari, iliwatia watu baridi. Akimsalimu muuza ndizi kwa Kiswahili, muuza ndizi huyo hunyamaza na kuangalia kama kuna lori la askari nyuma yake. Basi akajifunza Kiganda cha kununulia vitu, na mengine yote akakaa nayo moyoni.

Ndiyo maana hakuisahau siku alipoingia kwa mara ya kwanza katika duka la Moreen Nakhisa, kule Kisenyi. Lilikuwa duka jembamba lililobanwa kati ya gereji moja na kibanda cha Abudu, muuza betri za magari. Ndani yake, ukutani mpaka darini, kulikuwa na visanduku vya plastiki vyenye fyuzi, transista, kapasita na rezista za kila namna. Atoo aliomba alichotaka kwa Kiganda kilichovunjika vipandevipande. Mwenye duka akamsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akamwambia aseme Kiswahili tu, maana yeye ametoka Bungoma, na Kiganda hicho kinawaumiza wote wawili. Atoo alicheka hadi akashika kaunta.

Tangu hapo wakawa kitu kimoja. Walikula pamoja mchana nyuma ya duka, Moreen akiinamisha kichwa kimya kama wafanyavyo Wakweka, Wakristo wa sala ya kimya, wa kwao, Atoo akifanya ishara ya msalaba haraka haraka asije akachelewa kwenye bakuli. Moreen alipolazwa Mulago kufanyiwa upasuaji, Atoo ndiye aliyelala kwenye mkeka chini ya kitanda chake, akagombana na kila mtu aliyepita, na akakaza magurudumu ya kitanda. Moreen alimwita Afande kwa utani, lakini mtaa mzima ulimwita hivyo kwa heshima. Kisenyi kuna mafundi wengi na kuna bidhaa feki nyingi zaidi ya mafundi, na mtu aliyeshika redio za polisi miaka yote hiyo huaminiwa. Atoo akiigeuza rezista kiganjani na kusema hii ni nzuri, fundi analipa na kuondoka. Kwa hiyo neno lake lilikuwa limesimama nyuma ya duka la Moreen, ingawa hakuna aliyewahi kulitamka hilo waziwazi.

Baada ya kustaafu Atoo alipata kazi ya kutunza maabara katika shule moja ya sekondari pale pale Lubaga. Mwalimu wa fizikia, Okot, alikuwa kijana mpole mwenye mawazo makubwa kuliko bajeti yoyote. Muhula huo alitaka, kwa ajili ya siku ya wazazi, kutengeneza koili ya Tesla: mashine inayorusha radi ndogo hewani kutoka kwenye mnara wa waya wa shaba. Mahesabu ya mnara aliyafanya mwenyewe, na aliyafanya vizuri. Kilichomshinda kilikuwa kufunga, kukaza na kulehemu. Hayo akamwachia Atoo, naye akayapokea kwa furaha ya mtu aliyerudishiwa silaha yake.

Moyo wa mashine ulikuwa transfoma ya zamani iliyotolewa kwenye taa za neoni za duka lililofungwa mjini. Hiyo huuchukua umeme wa ukutani na kuupandisha hadi maelfu ya volti. Umeme huo hujaza kapasita, kapasita ikijaa cheche huruka, na cheche ikiruka mnara huamka na kutema radi. Shida ni kwamba kila mara radi inapotoka, sehemu ya vurugu hiyo hurudi nyuma kuelekea kwenye transfoma, na transfoma za namna ile zikipigwa kinyumenyume hufa. Okot alikuwa ametafuta nyingine mji mzima na hakuipata. Kwa hiyo mlangoni mwake wakaweka ulinzi: rezista za kupunguza kasi ya vurugu, na pengo dogo la usalama ambapo kishindo kikizidi huruka na kwenda ardhini.

Rezista, Atoo alizinunua kwa Moreen. Zilikuwa nzuri kuzitazama, zenye ganda la alumini la rangi ya dhahabu na masikio mawili yenye matundu ya skrubu. Atoo alizipaka chini ile dawa nyeupe ya kupitisha joto, akazikaza juu ya bamba la alumini, na bamba akaliunganisha kwa waya mnene na chuma kilichopigiliwa ardhini nje ya dirisha. Alipomaliza alizitikisa kwa mkono. Hakuna kilichocheza. Alirudi nyuma na kuitazama kazi yake kama mama anavyomtazama mtoto aliyekwishaogeshwa.

Walipowasha, mnara ulivuma, na radi ya zambarau ikaruka kutoka kileleni kwa mlio wa kitambaa kinachochanwa. Okot alipiga makofi. Makofi hayakuisha vizuri, maana ndani ya sanduku la ulinzi kilisikika kishindo kikavu, harufu ya kuungua ikajaa maabara, na radi ikanywea. Atoo alizima swichi, akachukua fimbo yake ndefu yenye waya wa kwenda ardhini na kuigusisha kwenye kapasita ili zimwage umeme uliobaki. Hilo hakuliruka hata siku moja, na ndiyo sababu ana vidole vyote kumi. Kisha akapima. Rezista moja ilikuwa imekatika ndani, mita ikakaa kimya kabisa kutoka mguu mmoja hadi mwingine.

Aliibadilisha. Ya pili nayo ikafa. Akadhani pengo la usalama ni pana mno, linachelewa kuruka, akalipunguza. Akazipima kapasita, zilikuwa nzima. Akafunga rezista mbili mahali pa moja ili zigawane mzigo. Moja ya hizo mbili ikafa kwa kishindo kile kile. Okot akaanza kuitazama transfoma kwa hofu, kama mgonjwa ambaye hajui zamu yake itafika lini, na akasema taratibu kwamba labda rezista zenyewe ni feki.

Neno hilo lilikuwa jepesi kulipokea. Kampala mtu hununua taa feki, chaja feki, mpaka dawa feki ya mende ambayo mende huitembelea kama wanakwenda harusini. Atoo alikuwa amechoka, tena alikuwa amefanya kila kitu sawasawa, kwa jinsi alivyofundishwa. Mtu aliyefanya kila kitu sawasawa na mambo yakaharibika hutafuta mwingine wa kumtwisha, na hapa nasema wazi kwamba Atoo hakutafuta mbali. Aliweka rezista zilizoungua kwenye mfuko, akapanda bodaboda kwenda Kisenyi, na njia nzima hasira ilikuwa inapikwa.

Dukani kulikuwa na watu. Abudu alikuwa amesimama mlangoni akisimulia jambo, na Ogwal, fundi wa inverta za sola, mteja mkubwa wa Moreen, alikuwa kwenye kaunta pamoja na mafundi wengine wawili. Mtu mwenye busara angesubiri. Atoo alimwaga rezista juu ya kaunta mbele yao wote.

“Moreen, kitu yako ni feki,” alisema. “Yote imekufa. Mimi nasema hapa mbele ya watu, hii ni feki.”

Moreen alizitazama rezista, kisha akamtazama yeye. “Afande, tuongee ndani.”

“Ndani ya nini? Kitu ikiwa feki ni feki, hata nje.”

Moreen alizikusanya zile rezista moja moja, akazirudisha mfukoni, akamkabidhi. Kisha akachukua nyingine mpya kisandukuni, za aina ile ile, akazitia humo pia na kumwambia kwamba akapime tena, na kwamba hataki malipo. Ogwal alikuwa ameshika mkononi bidhaa aliyotaka kununua. Aliirudisha mahali pake polepole, akasema atapitia kesho. Kesho hiyo hakupitia.

Siku zilizofuata mafundi walimkuta Atoo njiani na kumuuliza kama ni kweli, naye akawaambia ni kweli. Haikuchukua muda. Mtaa ule hauna cheti ukutani wala kitu kingine cha kumthibitisha mtu, una midomo tu, na mdomo mzito kuliko yote ulikuwa umeshasema. Atoo alipopita pale tena akiwa ndani ya teksi aliona nusu ya visanduku vya ukutani imeondolewa, na mahali pake pananing'inia vifuniko vya simu vya rangi rangi. Moreen alikuwa ameketi peke yake, bakuli la chakula magotini, kichwa kimeinama katika ile sala yake ya kimya. Atoo aligeuza uso. Alijiambia kwamba yeye amesema ukweli na ukweli hauna urafiki, lakini jioni hiyo hakula.

Okot naye alikuwa na ndugu aliyefanya kazi ya kubomoa lifti kuukuu, na kutoka kwenye mitambo ya lifti moja akaleta rezista za aina ile ile, zenye ganda la dhahabu lililofifia, jina la kiwanda cha Ulaya likiwa limechongwa pembeni. Hakuna mtu duniani angeziita hizo feki. Zilikuwa zimevumilia kazi tangu Okot hajazaliwa. Atoo alizipaka dawa nyeupe, akazikaza kwenye bamba, akazitikisa. Hakuna kilichocheza. Wakawasha, radi ikatoka nzuri, na kabla Okot hajamaliza kutabasamu kikasikika kishindo kikavu na harufu ile ile ikajaa chumbani.

Atoo alizima, akagusisha fimbo yake, kisha akavuta kigoda na kuketi mbele ya sanduku. Okot alikuwa anasema kitu kuhusu transfoma, kwamba bado nzima lakini hawawezi kuijaribu bahati tena. Atoo hakumsikia. Kama hizi nazo zimekufa, na zimekufa vile vile, basi ile kauli ya Kisenyi ilikuwa nini?

Alimwomba Okot amwachie nafasi. Akachukua mita na kupima tena, safari hii si kutoka mguu hadi mguu kama alivyozoea, bali kutoka mguu hadi kwenye ganda lenyewe. Hapo pasingetakiwa kusomeka kitu, maana waya uliomo ndani na ganda la nje hutenganishwa na udongo mgumu wa kuzuia umeme. Mita ilisoma. Umeme ulikuwa umepata njia mahali ambapo hapana njia. Alizifungua skrubu, akainyanyua rezista, akaifuta ile dawa nyeupe kwa kitambaa. Upande wa chini, uliokuwa umelala juu ya bamba, kulikuwa na tundu dogo jeusi, na juu ya bamba chini yake alama nyeusi inayolingana nalo. Akazitoa kwenye mfuko zile za Moreen, alizokuwa amezihifadhi kama ushahidi. Kila moja ilikuwa na tundu upande ule ule wa chini.

Hakuhitaji mtu wa kumweleza. Umeme ule haukuwa umechoka kupita kwenye waya wa rezista. Ulikuwa umeona ardhi karibu mno, chini ya ngozi nyembamba ya udongo, ukatoboa na kuiendea. Na ni nani aliyeisogeza ardhi karibu hivyo? Ni nani aliyezikaza rezista kwenye bamba mpaka zisicheze?

Alifundishwa hivyo akiwa msichana mwembamba wa karakana ya mawasiliano. Mkufunzi wake, sajini mmoja aliyeitwa Odoch, alikuwa na amri moja iliyozidi zote: kila kitu kishike bodi. Kinachopata moto, kifunge kwenye bodi ya gari kipoe. Chenye waya wa ardhi, kifunge kwenye bodi. Kinachoweza kutikisika, kifunge mara mbili. Barabara za kaskazini miaka ile ya vita zilikuwa mashimo matupu, na redio iliyolegea ilikuwa kifo cha watu. Atoo alikuwa katika msafara mmoja ambapo gari la mbele lilinyamaza kwa sababu ya skrubu moja, wakalala kwenye majani mpaka asubuhi bila kujua kama wenzao wako hai. Walikuwa hai. Lakini tangu siku hiyo mikono yake haikutulia mbele ya kitu chochote kinachocheza, na katika magari yote aliyoyafunga yeye, hakuna redio iliyowahi kunyamaza njiani. Hilo ndilo jambo alilojivunia kuliko medali zake.

Ila kwenye gari la polisi kuna betri ya volti kumi na mbili, na volti kumi na mbili hazitoboi kitu. Bodi ya gari ni rafiki wa kila kifaa. Hapa palikuwa na maelfu, na kwa maelfu hayo bodi ilikuwa shimo lililo wazi, naye Atoo alizichukua rezista nzuri za rafiki yake na kuzifunga ukingoni mwa shimo kwa mikono yake iliyo hodari.

Alikwenda jikoni mwa shule akaomba ubao mzito wa plastiki wa kukatia nyama, na mpishi, kwa kuwa alikuwa na mwingine, akampa. Juu ya ubao huo alizipanga rezista mpya ambazo Moreen alizitia mfukoni siku ile, tatu tatu kwa kila upande ili zigawane mzigo, zikiwa mbali na bamba, mbali na sanduku, zikizungukwa na hewa tupu. Skrubu alizikaza kwenye plastiki tu. Alipozitikisa zilicheza kidogo, maana ubao wenyewe ulipinda, na ilimbidi arudishe mkono mfukoni asizikaze zaidi.

Okot aliwasha. Mnara ulivuma, radi ikaruka, ikaendelea kuruka, ikalamba hewa huku na huku. Kishindo hakikuja. Pengo la usalama lilitema cheche mara mojamoja, kama lilivyotakiwa, na rezista zikabaki kimya. Waliiacha ikaenda mpaka Okot akajisahau na kuanza kuimba. Walipozima, Atoo alipima kila moja, mguu hadi mguu, mguu hadi ganda. Zote zilikuwa nzima. Okot alimshika mabega akasema wameshinda, na alishangaa kuona mama wa watu machozi yanamtoka.

“Mwalimu, rezista ilikuwa nzuri,” Atoo alisema. “Toka mwanzo ilikuwa nzuri.”

Katika kazi ya redio kuna utaratibu ambao raia hawaujui. Ukituma ujumbe wenye makosa, hutumi marekebisho kwa siri kwa yule mmoja aliyeumia. Unarudi kwenye masafa yale yale, unataja jina lako la kituo, na unaufuta mbele ya vituo vyote vilivyousikia. Aibu yake ni kubwa, na wengi Atoo aliwaona wakitafuta visingizio vya kuikwepa. Usiku huo naye alivitafuta. Angeweza kumpigia simu Moreen. Angeweza kwenda nyumbani kwake na kilo ya sukari, wakalia, yakaisha. Mpaka asubuhi alikuwa amevikataa vyote.

Alifika Kisenyi saa ambayo duka lilipaswa kuwa na wateja. Halikuwa nao. Akavuka kwenda kwenye gereji, akawaambia mafundi waliokuwa chini ya magari watoke kidogo, akamwita na yule wa kuchomelea mageti, na kwa kuwa ni Afande aliyeita, walikuja, mikono imejaa grisi. Moreen alisimama nyuma ya kaunta kati ya vifuniko vyake vya simu akiwatazama wanavyojaa mlangoni. Uso wake ulisema kwamba anasubiri kipigo cha pili.

“Mimi ni Atoo,” alianza, ingawa wote walimjua. “Nilisema hapa, kwa mdomo yangu, rezista ya huyu mama ni feki. Nilikosea. Rezista ni nzuri. Mimi ndiye nilifunga vibaya, nikaua kitu nzuri, nikaweka kosa yangu kwa yeye. Mtu alisikia ile ya kwanza, asikie na hii.”

Fundi mmoja alisugua shingo, mwingine akasema basi, Afande, imekuwa. Walimsubiri Moreen aseme neno la kufunga mambo, la kusamehe, ili warudi kazini.

“Ile siku ulikuwa umepima pengo, ukapima kapasita, ukapima waya yote,” Moreen alimwambia Atoo. Hakupandisha sauti. “Mimi ulinipima na nini?”

Atoo angeweza kusema alikuwa amechoka. Angeweza kusema Kampala yote ni feki. Alisema, “Sikupima.”

Moreen alitikisa kichwa kuonyesha amesikia. Kisha akasema kwamba Abudu hayupo, amekwenda msikitini, naye alikuwepo siku ile. Akavuta kiti, akakiweka mbele ya kaunta, mahali ambapo kila anayeingia lazima apite. Atoo alielewa. Alikaa.

Abudu aliporudi, aliyasikia yote tangu mwanzo. Akaja fundi wa televisheni, naye akayasikia. Akaja mwanamke wa kununua kifuniko cha simu ambaye hakujua rezista ni nini, na Atoo, kwa woga wa kuacha kituo chochote, akamwambia pia, mpaka mwanamke huyo akaomba apewe kifuniko chake aende zake. Abudu alicheka akashika mbavu. Hata Moreen aligeukia ukutani na mabega yake yakatikisika, lakini alipogeuka tena uso ulikuwa mkavu. Mchana walikula. Moreen aliweka bakuli mbili, akainamisha kichwa, na safari hii Atoo hakufanya haraka na ishara yake ya msalaba. Kiti kilikuwa na mguu mmoja mbovu, kikicheza kila alipojongea, na Atoo akauvumilia.

Jua lilikuwa limeshuka kidogo Ogwal alipotokea. Alikuja kwa hatua za mtu asiyejua kama anakaribishwa, akawasalimia wote wawili, akasema ana inverta ya zahanati moja imelala na anahitaji rezista mbili kubwa leo leo. Moreen aliinama chini ya kaunta, akatoa kimojawapo cha visanduku alivyokuwa ameviondoa ukutani, akamwekea mbili mkononi. Ogwal alizigeuza. Zilikuwa zile zile, za ganda la dhahabu.

“Hii ni orijino?” aliuliza, na macho yake hayakwenda kwa mwenye duka. Yalikwenda kwa Atoo, kama macho ya mafundi wote yalivyokwenda miaka yote ile.

Atoo alivuta pumzi. Maneno aliyarudia kutwa nzima, yalikuwa tayari ulimini. Moreen alinyoosha mkono juu ya kaunta, kiganja wazi, akamzuia.

“Ogwal, mimi hapa,” alisema. “Duka ni yangu. Uliza mimi.”

Ogwal alisita. Alimwangalia Moreen, kisha akamwangalia Atoo tena, akisubiri hata kope ipige. Atoo hakutikisa kichwa, hakutabasamu, hakufanya lolote. Aliinamisha macho akatazama mikono yake iliyolala magotini, mikono ambayo haikuwa na kitu cha kukaza, na akakaa hivyo mpaka aliposikia Ogwal akimgeukia mwenye duka na kuuliza upya.

“Ni nzuri,” Moreen alisema.

Ogwal alizitia mfukoni.